Kwa nini miradi mingine ya programu huria hufadhiliwa na mingine huachwa: ulinganisho kwa timu za Nairobi

Kampuni haitoi pesa kwa mradi wa programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha) kwa kuwa tu mradi ni mzuri, wala kwa kuwa unatumiwa na wengi. Hutoa pesa pale mambo matatu yanapokutana. Kwanza, mradi ukikwama, hasara inaonekana katika vitabu vya kampuni hiyo yenyewe. Pili, kuuandika upya au kuuhama ni ghali kuliko kuuchangia. Tatu, kuna anayeweza kupokea malipo kwa karatasi ambazo idara ya fedha inazikubali. Moja likikosekana, mradi unaweza kuwa ndani ya simu za dunia nzima na mtunzaji wake akaendelea kuandika msimbo usiku, baada ya kazi ya mchana.

Ulinganisho huu umeandikiwa timu iliyo Nairobi ambayo mradi wake tayari unatumika, na ambayo inataka kujua iombe pesa kwa nani na kwa sura gani. Tunaanza na miradi mikubwa inayojulikana, kwa sababu tofauti zake ziko wazi, kisha tunashuka hadi karatasi na viwango vya Kenya.

Kiini cha Linux na OpenSSL

Yote miwili iko karibu kila mahali. Kiini cha Linux, yaani msimbo wa msingi wa mfumo endeshi huo, huandikwa kwa sehemu kubwa na waajiriwa wa kampuni kama Intel, Red Hat, Google na AMD. Sababu ni ya kibiashara: kampuni ikitoa kichakataji kipya na Linux isikitambue, wenye seva hawatakinunua. Mshahara wa mhandisi anayeandika msimbo wa kukiendesha ni gharama ya kuuza bidhaa, na humo ndimo unamowekwa katika bajeti. Hakuna anayeuita msaada.

OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi, haikuwa na uhusiano huo na mauzo ya mtu yeyote. Kila kampuni iliitumia na kila moja ilidhani nyingine inaigharamia. Michango yake ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Aprili 2014 ukafichuliwa udhaifu wa Heartbleed, uliomwezesha mtu wa nje kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, nywila na funguo za siri zikiwemo. Mwezi huohuo Linux Foundation ilikusanya kampuni kubwa, miongoni mwao Google, Microsoft, Facebook, Amazon na Intel, kila moja ikiahidi dola 100,000 kwa mwaka kwa angalau miaka mitatu, na OpenSSL ikapata wahandisi wa kudumu.

Zingatia kilichobadilika: ubora wa OpenSSL ulikuwa uleule, na idadi ya watumiaji ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba hasara ilipata tarakimu na jina la idara. Mwaka 2015 jambo hilo lilijirudia kwa GnuPG, programu ya kusimba barua pepe na mafaili. Habari za hali ya mtunzaji wake, Werner Koch, zilipochapishwa, Facebook na Stripe ziliahidi dola 50,000 kila moja kwa mwaka.

Ukiwa na mradi wa aina ya OpenSSL, yaani bomba lililo chini ya sakafu, usingoje janga likutangaze. Kisa cha xz, zana ya kubana mafaili, mwaka 2024 kinaonyesha kwamba janga linaweza kuja kwa kupitia uchovu wako mwenyewe. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga imani ya mtunzaji mmoja aliyeelemewa kwa muda wa kama miaka miwili, kisha akaingiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alipoona kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde.

Kuna nguvu mpya inayosukuma pesa upande huu. Sheria ya Ulaya ya usalama wa bidhaa za kidijitali ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makuu yatatumika kuanzia Desemba 2027. Anayeuza bidhaa yenye programu Ulaya atawajibika pia kwa vipande huria alivyoviweka ndani. Kwa hiyo kama mradi wako umo ndani ya bidhaa inayouzwa huko, zungumza na mkuu wa usalama wa kampuni hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye sasa ana sababu iliyoandikwa kisheria, na hiyo ni hoja nzito kuliko idadi ya upakuaji.

Blender na GIMP

Huu ndio ulinganisho tunaoupenda zaidi, kwa sababu miradi hii miwili iko karibu sana. Yote ni ya kazi za picha (Blender ni ya picha za pande tatu, GIMP ni ya kuhariri picha), yote hutumia leseni ya GPL, inayotaka nakala zinazosambazwa zibaki huria, yote ilizaliwa miaka ya 1990, na yote hufunguliwa kila siku na wanafunzi, wasanii na wabunifu ambao hawawezi kulipia programu za kibiashara. Lakini Blender ina wafanyakazi wa kudumu wanaolipwa, ilhali GIMP hutegemea hasa watu wa kujitolea, na pesa zake hupitia mashirika rafiki kama GNOME Foundation. Toleo la 2.10 la GIMP lilitoka 2018, la 3.0 likatoka Machi 2025.

Blender ilinusurika mwaka 2002 baada ya kampuni iliyoimiliki kufungwa. Ton Roosendaal aliomba umma euro 100,000 za kuununua msimbo ili uwe huria, na zikapatikana ndani ya wiki saba. Tangu hapo kuna taasisi moja inayomiliki jina, inayoajiri, na inayotangaza madaraja ya uanachama kwa kampuni pamoja na matumizi ya pesa. Mwaka 2019 Epic Games ilitoa dola milioni 1.2, na watengenezaji wa kadi za michoro kama NVIDIA na AMD wakaingia.

Kwa nini NVIDIA na AMD? Kwa sababu msanii akitaka picha ya pande tatu imalizike haraka, hununua kadi yenye nguvu zaidi. Kasi ya Blender juu ya kadi fulani ni tangazo la kadi hiyo. GIMP haimlazimishi mtu kununua kadi mpya. Hakuna bidhaa ya kampuni nyingine inayouzika zaidi GIMP ikiwa bora.

Jambo la pili ni ushahidi. Blender hutengeneza filamu fupi kwa programu yake yenyewe, na kasoro zinazojitokeza katika uzalishaji hurekebishwa papo hapo. Kampuni inayofikiria kuchangia huona zana ikibeba mzigo wa kazi halisi. Timu ndogo inaweza kufanya hivyohivyo bila studio: chukua mtumiaji mmoja mkubwa, pima kazi yake kabla na baada ya kuitumia programu yako, kwa saa na kwa shilingi, kisha chapisha vipimo hivyo kwa ruhusa yake.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote ya ombi, jiulize ni bidhaa ya nani inayonunuliwa zaidi mradi wako ukiwa mzuri. Mwenye seva za wingu? Mwenye huduma ya malipo? Mwenye kifaa cha kusomea kadi? Hapo ndipo pa kuanzia. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja, ilikua hivyo. Google iliutoa msimbo 2014, na mwaka uliofuata mradi ukawekwa chini ya wakfu mpya (shirika lisilo la faida linalosimamia miradi) wa Linux Foundation. Amazon ilikuwa imetangulia katika soko la wingu, na tabaka linaloendesha programu kwa namna ileile kila mahali humrahisishia mteja kuhama. Washindani wote waliobaki nyuma walikuwa na sababu ya kulilipia, na mwishowe hata Amazon ikaingia.

PostgreSQL, Redis na Terraform: nani anashika usukani

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, haina mmiliki. Leseni yake ni legevu (humruhusu yeyote kuutumia msimbo karibu bila masharti), na kamati yake kuu hujiwekea mpaka ili kampuni moja isiwe na wengi ndani yake. Wahandisi wake hulipwa na kampuni zinazoshindana, zikiwemo EDB, Microsoft na Amazon. Hakuna hundi kubwa moja ya kutangaza gazetini, lakini mfadhili mmoja akiondoka mradi hauyumbi.

Redis (hifadhi ya data ya kasi) na Terraform (zana ya kupanga seva kwa msimbo) zilipita njia nyingine: kampuni moja inamiliki jina na msimbo, inachukua mtaji wa wawekezaji, na inauza huduma juu yake. Pesa huja haraka na kwa wingi. Shida huanza kampuni za wingu zinapouza programu ileile na mapato kwenda kwao. HashiCorp, mmiliki wa Terraform, ilibadilisha leseni yake Agosti 2023 ili kuwabana washindani. Mwezi uliofuata OpenTofu, iliyoanzia kwenye msimbo wa awali, ikawa chini ya Linux Foundation. Redis ilibadilisha leseni Machi 2024, na kabla mwezi haujaisha Valkey, iliyoanzia kwenye msimbo huria wa Redis, ilikuwa imetangazwa kwa kuungwa mkono na Amazon, Google na Oracle. Redis iliongeza leseni huria ya AGPL (inayomtaka hata anayetoa huduma ya mtandaoni aweke wazi mabadiliko yake) mwaka 2025, lakini kufikia hapo wafadhili wakubwa walikuwa na nyumba yao.

Somo kwa mtu anayechagua leseni leo Nairobi ni la moja kwa moja. Leseni legevu kama Apache 2.0 au MIT hufungua mlango kwa wahandisi wa kampuni kubwa kuchangia, lakini haikupi chochote cha kuuza zaidi ya muda wako. AGPL huwazuia wengine kuchukua bila kurudisha, na hukuruhusu kuuza leseni ya pili kwa asiyetaka masharti hayo, mradi haki za msimbo wote ziko mikononi mwako. Lakini kuna kampuni ambazo sera zao zinakataza AGPL kabisa, Google ikiwa mojawapo. Ukitaka uhandisi wao, AGPL itakukosesha. Chagua mapema. Kubadilisha leseni baada ya watu 40 kuchangia msimbo ni kazi ya kumtafuta kila mmoja na kumwomba saini.

Pesa za wahisani: DHIS2, OpenMRS na Mojaloop

Miradi huria inayojulikana zaidi Afrika Mashariki haikujengwa kwa pesa za kampuni. OpenMRS ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na KenyaEMR, inayohifadhi rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo wizara yetu ya afya inayotumia kukusanya takwimu tangu 2011. Nyuma ya mifumo hii kuna serikali za nje na mifuko ya afya. Kampuni hazina hasara ya moja kwa moja kituo cha afya cha Busia kikikosa ripoti ya mwezi, hata kama hasara ya jamii ni kubwa sana. Hapo ndipo kipimo cha kampuni kinapotofautiana na thamani ya kweli ya mradi, na ni haki kulisema hilo waziwazi.

Pesa za wahisani hulipa kazi ambayo soko haliigusi. Udhaifu wake ni kwamba zinategemea uamuzi unaofanywa mbali. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, miradi mingi ya mifumo ya afya barani ilikatwa mishahara katikati ya mkataba. Tatizo la pili hutokea hata siku njema: mhisani hulipia kipengele kipya chenye jina na tarehe ya uzinduzi, na mara chache hulipia usasishaji wa maktaba, majaribio ya msimbo au majibu kwa watumiaji. Ukiandika bajeti ya ruzuku, weka mstari wa matengenezo ulio peke yake, angalau asilimia 20 ya jumla, na uutetee. Ukiufunika ndani ya "gharama nyinginezo" utakuwa wa kwanza kukatwa.

Mojaloop ni mfano wa kati. Ilitolewa 2017 na Gates Foundation kwa ajili ya kuunganisha mifumo ya malipo, na mwaka 2020 ikapata wakfu wake, Google ikiwa miongoni mwa waliojiunga. Mradi wa malipo huvutia kampuni kwa urahisi kuliko wa afya kwa sababu ile ile ya mwanzo: mfumo ukisimama kwa saa moja, kuna mtu anayehesabu miamala iliyopotea.

Kipimo kimoja cha kufanya leo

Chukua miradi miwili ya kubuni. Wa kwanza ni maktaba ndogo ya kuunganisha duka la mtandaoni na Daraja, mlango wa Safaricom kwa programu za nje, ili kupokea malipo ya M-Pesa. Wa pili ni programu inayolinganisha malipo yaliyoingia na akaunti za wanachama wa sacco, na kuonyesha yaliyopotea njia. Wa kwanza unaweza kuwa na watumiaji mara ishirini ya wa pili, na bado usipate hata shilingi.

Hesabu gharama ya kuuacha. Maktaba: mhandisi mmoja, siku mbili, tuseme shilingi 15,000 kwa siku; jumla 30,000. Hakuna meneja atakayesaini mkataba wa mwaka kukwepa shilingi 30,000. Programu ya ulinganisho: wahandisi wawili, miezi minne, gharama ya shilingi 300,000 kwa mwezi kila mmoja, jumla milioni 2.4, kabla ya kuhesabu wanachama waliopanga foleni kulalamika. Mkataba wa shilingi 600,000 kwa mwaka unaonekana nafuu. Badilisha viwango hivi kwa vya mteja wako, lakini fanya hesabu. Gharama ya kuuhama mradi wako ikiwa chini ya mara mbili ya unachoomba kwa mwaka, kwa maoni yetu ombi hilo litakwama kwenye meza ya mhasibu.

Njia nne za kupokea pesa

Mkataba wa huduma ndio tunaoupendekeza kwa timu nyingi za hapa, na ndio unaopuuzwa zaidi. Mfano mzuri ni SQLite, maktaba ya hifadhidata. Msimbo wake hauna hata masharti ya leseni, ni mali ya umma, na bado kampuni hulipa: nyingine kwa uanachama wa muungano wake, nyingine kwa msaada wa kiufundi, na nyingine kwa hati tu inayothibitisha haki za msimbo, kwa kuwa mawakili wao wanataka karatasi. Daniel Stenberg wa curl, zana ya kuhamisha data mtandaoni, vilevile ameajiriwa na wolfSSL tangu 2019, na kampuni hiyo huuza msaada wa curl.

Kampuni ya Nairobi itakutaka uandikishwe kama msambazaji wake: cheti cha usajili, CR12 (orodha rasmi ya wakurugenzi na wanahisa), PIN ya KRA, cheti cha ulipaji kodi, na barua ya benki. Ankara itoke kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, la sivyo mhasibu hawezi kuihesabu kama gharama anapokokotoa kodi ya kampuni, naye ataikataa. Kwa malipo ya huduma za kitaalamu yanayozidi shilingi 24,000 kwa mwezi, mteja hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Kwenye mkataba wa milioni 1.2 bila VAT, tarajia milioni 1.14 mkononi na cheti cha elfu 60 katika iTax, tovuti ya kodi ya KRA. Kidai cheti hicho, kwa sababu ndicho kinachopunguza kodi yako mwisho wa mwaka. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, usajili wa VAT ni wa lazima. Na usipange mishahara juu ya tarehe iliyo kwenye ankara: masharti ya siku 30 hugeuka 60 kwa urahisi, kwa hiyo omba malipo ya kila robo mwaka, yalipwe mwanzoni mwa robo.

Ndani ya mkataba andika mambo yanayopimika: majibu kwa hitilafu kubwa ndani ya saa 8 za kazi, viraka vya usalama ndani ya siku 7, toleo jipya mara mbili kwa mwaka. Usiahidi kipengele cha mteja mmoja kisichoingia kwenye msimbo wa wote. Ukifanya hivyo kwa wateja watatu utakuwa unatunza miradi minne.

Michango ya hiari kupitia GitHub Sponsors au Open Collective ni rahisi kufungua na hufaa kulipia seva, jina la tovuti na nauli. Open Source Collective hukata asilimia 10, kisha kuna ada za kadi na za kutuma pesa nje. Kabla ya kutangaza, hakikisha nchi na benki yako zimo kwenye orodha ya wanaoweza kulipwa. Njia hii huvutia watu binafsi. Kampuni huitumia wakati mhandisi wa ndani ana kadi na kibali cha kiasi kidogo, na mara nyingi mchango hukoma siku anapobadilisha kazi. Uwe na majina mawili katika kila kampuni.

Kampuni yenye kiini huria na sehemu za kulipiwa inafaa pale tu wateja wakubwa wanapohitaji kitu ambacho mdogo hakihitaji: kumbukumbu za ukaguzi, kuingia kwa akaunti moja ya kampuni, idhini za ngazi nyingi. Ukilazimika kuficha kitu ambacho kila mtumiaji anakihitaji, jamii itakuacha.

Wakfu huja mwisho. Watu wengi hukimbilia hapo kwa kudhani wakfu huleta mishahara. Apache Software Foundation hailipi watu kuandika msimbo. Udhaifu wa Log4j, maktaba yake ya kuandika kumbukumbu za programu, ulipolipuka Desemba 2021, waliourekebisha usiku na mchana walikuwa watu wa kujitolea wenye kazi nyingine, ingawa mradi ulikuwa ndani ya wakfu mashuhuri na ndani ya mifumo ya benki na serikali duniani kote. Kazi ya wakfu ni kuwapa washindani mahali ambapo hakuna mmoja anayemiliki usukani. Kama unayo kampuni moja tu inayotumia mradi wako kwa uzito, wakfu utakupa vikao na ripoti za mwaka. Zikiwa mbili zinazoshindana, na kila moja inasita kuchangia kwa kuogopa nyingine, basi ndio wakati wake. Wekeni jina na nembo chini ya wakfu, kila mchango wa msimbo uwe na saini ya mchangiaji kwamba ana haki ya kuutoa, na kanuni zieleze kwamba hakuna mwajiri mmoja mwenye zaidi ya theluthi ya kura. Jiunge na wakfu uliopo kabla ya kufikiria kusajili wako. Kampuni yenye mipaka kwa dhamana, ambayo hutumika kusajili shirika la aina hii hapa Kenya, inahitaji wakurugenzi, hesabu zilizokaguliwa na mtu wa kujaza fomu, na huyo mtu kwa kawaida huwa ndiye mtunzaji mkuu wa msimbo.

Njia yoyote utakayoanza nayo, peleka ombi kabla bajeti haijafungwa. Kampuni zenye mwaka wa Januari hadi Desemba hupanga kuanzia Septemba. Safaricom hufunga mwaka wake 31 Machi. Taasisi za serikali hufuata Juni. Ombi linalofika Februari kwa kampuni ya Januari litaelekezwa kwa idara ya misaada ya jamii, na huko utashindana na upandaji miti na karo za shule. Lipeleke kwa mkuu wa uhandisi au wa usalama mwezi wa Agosti, likiwa na kurasa mbili: sehemu gani za mifumo yao zinautumia mradi, kuuhama kungegharimu kiasi gani, na bei ya mkataba kwa mwaka.